Kofia za jeshi la Ujerumani: soma kitambaa kabla ya beji

Ukishikishwa kofia kuukuu ya jeshi la Ujerumani, usiitazame mbele. Ipindue. Muuzaji atataka umwangalie tai, yule ndege wa kwenye beji, maana tai ndiye anayepandisha bei, lakini tai hufumuliwa na kushonwa mwingine jioni moja kwa sindano na uzi. Kitambaa hakidanganyi kirahisi hivyo. Nguo iliyofumwa mwaka 1938 ina nyuzi za mwaka 1938, rangi ya viwanda vya wakati huo, na makovu ya nchi iliyokuwa ikikosa sufu. Mwigaji wa leo ana mashine nzuri kuliko zile, na hapo ndipo anaponaswa: kazi yake hutoka safi mno.

Nimekulia chini ya meza ya fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Mzee hakuwa na habari yoyote na kofia za Wajerumani. Alichonifundisha ni kuijua nguo kwa kuisugua kati ya gumba na kidole cha shahada huku nimefumba macho. Miaka mingi baadaye, nilipoanza kuzunguka masoko ya vitu vikuukuu ya Ujerumani, ndio ujuzi pekee uliokuwa na faida. Ninayoandika hapa ni utaratibu ninaoufuata mwenyewe, kwa mpangilio ninaoufuata.

Hatua ya 1: Chagua zama moja

“Kofia ya Mjerumani” inaweza kuwa ya jeshi la Kaisari (1871 hadi 1918), ya Reichswehr, lile jeshi dogo lililobaki baada ya kushindwa katika Vita vya Kwanza, ya Wehrmacht (1935 hadi 1945), au ya majeshi mawili yaliyozaliwa baada ya nchi kugawanyika: Bundeswehr ya magharibi mwaka 1955 na NVA ya mashariki mwaka 1956. Kila zama ina vitambaa vyake, na hakuna anayezijua zote kwa mara moja.

Ushauri wangu kwa anayeanza: nunua NVA. Ujerumani Mashariki ilipotoweka mwaka 1990, maghala yake yalimwagwa sokoni, kofia nyingine hazijawahi hata kuvaliwa. Bei yake ni ya kawaida, aghalabu ndani kuna muhuri wa saizi na mwaka, na kwa kuwa si ghali hakuna anayehangaika kuziiga. Nunua mbili: moja ya askari wa kawaida, ya sufu nzito inayokwaruza, na moja ya afisa, ya kitambaa chepesi laini. Zishike kila siku kwa wiki mbili. Tofauti utakayoihisi hapo ndiyo hiyo hiyo utakayoitafuta kwenye kofia za zamani zaidi. Ukanda wa rangi kwenye mishono utakuzoesha pia kusoma vikosi: mweupe ni wa nchi kavu, buluu nyepesi ni wa anga, kijani ni wa walinzi wa mpaka, rangi ya chungwa ni wa askari wa miavuli.

Kuhusu kofia za Wehrmacht, lazima tuelewane kabla hujatoa pesa. Tai wake ameshika swastika. Nchini Ujerumani, kifungu cha 86a cha sheria ya jinai kinakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi, isipokuwa kwa shughuli kama elimu, sayansi, sanaa na historia. Ndiyo maana wauzaji wa huko huziba swastika kwa kikaratasi. Austria nayo ina sheria zake kali. Usiivae mtaani, usiitundike dirishani, wala usiirushe mtandaoni kama pambo. Za SS, kile kikosi cha Wanazi chenye beji ya fuvu, sinunui kabisa. Kwanza, ni kundi lililojaa bandia kuliko lolote. Pili, sitaki fuvu lile likae katika nyumba wanamolala wanangu. Wengine hununua; hilo ni lao.

Hatua ya 2: Vifaa

Lenzi ya kukuza mara 10, kama ile ya sonara. Tochi ndogo ya mwanga wa urujuanimno, ile wanayokagulia noti. Kibano chenye ncha, sindano, futi ya fundi na daftari. Glavu siziamini: mikono iliyonawa ikakauka vizuri huhisi zaidi, na kuhisi ndiyo kazi yenyewe. Kwa beji za chuma, hapo sawa, vaa glavu.

Hatua ya 3: Jua umbo

Hapa tupite haraka, kwa sababu umbo ndilo jambo ambalo picha yoyote itakuonyesha.

Ya duara isiyo na ukingo, laini kama mkate uliotuama, ni Feldmütze ya askari wa Kaisari. Wenyewe waliiita Krätzchen. Huwa na kokadi mbili, yaani beji ndogo za duara, moja juu ya nyingine: ya juu ni ya Dola (nyeusi, nyeupe, nyekundu), ya chini ni ya jimbo alikotoka askari, mfano Prussia nyeusi na nyeupe. Kokadi ya Dola iliongezwa mwaka 1897, kwa hiyo kofia inayodaiwa kuwa ya 1890 ikiwa na kokadi mbili ina maswali ya kujibu.

Yenye kilele kipana na ukingo mgumu unaong’aa ni Schirmmütze, chepeo la gwaride na matembezi. Ile ndefu inayokunjika bapa ni Feldmütze ya 1934 na ndugu zake. Askari waliiita Schiffchen, yaani kijimashua, na ukiiweka mezani utaona kwa nini. Mwaka 1942 ilifuatwa na aina yenye mikunjo inayoshushwa masikioni na iliyofungwa kwa vifungo mbele, na mwaka 1943 ikaja Einheitsfeldmütze yenye ukingo mrefu wa kitambaa, kofia moja kwa wote, iliyochukua sura ya kofia ya askari wa milimani. Wakusanyaji huiita M43. Mwisho ni ile ya nchi za joto, ya pamba, iliyokwenda na jenerali Rommel jangwani Libya.

Hatua ya 4: Soma kitambaa

Hapa usiwe na haraka. Chukua lenzi, kaa karibu na dirisha, zima taa za ndani.

Anza na swali moja: je, unauona mfumo wa nyuzi? Sufu ya kijeshi ya kawaida, ambayo Wajerumani huiita Tuch, ilifumwa kisha ikalowekwa kwa maji moto na sabuni ikapondwapondwa hadi nyuzi zikashikana na kufunika mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana. Ukiitazama kwa lenzi unaona msitu wa malaika, yaani vinyweleo laini vya sufu, mfumo wenyewe ukiwa umejificha chini. Ibane kati ya vidole: ni nene, ina uzito, hujirudi ukiiachia. Kata ya kitambaa hiki haichuruziki nyuzi, ndiyo maana kwenye kofia nyingi utakuta kingo zilizokatwa bila kupindwa. Mwigaji asiye na sufu iliyopondwa vizuri hulazimika kupinda au kuzungushia uzi kila ukingo, na hapo amejifichua.

Chepeo la afisa lilikuwa jambo jingine. Afisa alijinunulia, tena kwa fundi wake, kwa hiyo vitambaa ni vya watu wenye fedha zao. Utakutana zaidi na viwili. Trikot ni sufu iliyofumwa kwa kubana, yenye mistari myembamba inayoonekana kama imechorwa kwa kalamu. Kucha ikipita juu yake inakwaruza kidogo kidogo. Cha pili wakusanyaji wanakiita doeskin: sufu laini iliyosuguliwa malaika yake yakalazwa upande mmoja, ikapata mng’ao wa manyoya ya mnyama mdogo. Pitisha kidole kwenda na kurudi, rangi hubadilika kama mkeka wa kuswalia unapofagiwa kwa kiganja. Ipo na gabadini pia, yenye mistari ya mshazari iliyosimama wima, kavu mkononi. Kitambaa kizuri hakimaanishi afisa siku zote. Askari wa kawaida aliyeweka akiba yake aliruhusiwa kujinunulia chepeo bora kuliko lile la ghalani, akaenda nalo likizo. Kinachomtenganisha na afisa ni kamba ya mbele: yake ni mkanda wa ngozi nyeusi inayong’aa, ya afisa ni kamba ya nyuzi za fedha au alumini, ya jenerali ni dhahabu.

Ukanda unaozunguka chini ya chepeo la jeshi la nchi kavu ni kijani iliyokolea, wa sufu nyembamba yenye malaika mafupi, kitambaa kilekile kilichotumika chini ya beji. Ule wa jeshi la anga na wa jeshi la maji ni mweusi, umefumwa kwa mistari na una mng’ao mkavu. Ukikuta ukanda wa aina moja kwenye kofia ya jeshi jingine, usiulize bei.

Sasa rangi. Feldgrau, ile kijivu ya vitani, ilianza kuvaliwa jeshini miaka michache kabla ya 1914, na wengi wanadhani ni rangi moja. Sivyo. Ya miaka ya 1930 huelekea kijani, inatulia machoni. Kadiri Vita vya Pili vilivyoendelea iligeuka kijivu, na kufikia 1944 kuna vitambaa vyenye wekundu wa udongo ndani yake. Sababu ni uchumi. Ujerumani ilitegemea sufu ya kuagiza kutoka ng’ambo, na tangu Mpango wa Miaka Minne wa 1936 serikali ilisukuma viwanda vichanganye sufu na Zellwolle, nyuzi fupi za rayoni zilizotengenezwa kutokana na mbao. Zellwolle haishiki rangi kama sufu wala haishikani ikipondwa. Kwa hiyo M43 halali ya mwisho wa vita mara nyingi ni nyembamba, imelegea, mfumo wake wa mshazari unaonekana wazi, na imetapakaa vijiuzi vya rangi zisizopatana, vingine vikitokana na nguo kuukuu zilizochambuliwa na kusokotwa upya. Ni kitambaa kibaya, na ubaya huo una thamani. Ukioneshwa M43 “ya mwaka 1945” yenye sufu nene, kijani safi na isiyo na doa, umeoneshwa kazi ya fundi wa leo aliyenunua kitambaa kizuri kupita kiasi.

Pamba ina sura zake. Kofia ya nchi za joto ilitengenezwa kwa pamba ya mshazari, rangi ya zeituni ikiwa mpya, ikiwa na bitana nyekundu na vitundu viwili vya chuma vya kupitisha hewa kila upande. Beji zake zilifumwa kwa uzi wa kijivu wenye ubuluu juu ya kitambaa cha rangi ya kahawia nyepesi. Jua la jangwani liliipausha hadi ikakaribia weupe, na askari wengine waliipausha makusudi ili waonekane wakongwe mbele ya wageni waliotoka Ulaya jana. Sasa kuna wauzaji wanaoipausha kwa dawa. Namna ya kutofautisha ni hii: fungua mkunjo, angalia chini ya beji na ndani ya mshono. Jua haliingii humo, kwa hiyo zeituni ya asili itakuwa bado ipo. Dawa huingia kila mahali. Kofia iliyopauka sawasawa mpaka ndani ya mshono imelowekwa kwenye ndoo.

Drillich ya nguo za kazi hufumwa kwa mfumo wa mifupa ya samaki, na Bundeswehr walitumia sana moleskini, pamba nzito yenye uso laini kama ngozi ya panya mchanga. Hizi mbili ukizishika mara moja hutazisahau.

Hatua ya 5: Ingia ndani

Bitana za kofia za vitani za askari ni pamba ya kawaida, kijivu au kijani, inayofanana na ile marekani ya zamani iliyotiwa rangi. Za chepeo la afisa ni hariri ya kutengenezwa, rayoni yenye mng’ao wa satini, ya rangi ya dhahabu, kahawia au buluu kulingana na fundi. Juu katikati hukaa kipande cha umbo la almasi, cha seluloidi, plastiki ya zamani inayoonesha ndani, kuzuia jasho la nywele lisichafue bitana. Chini yake ndipo jina la mtengenezaji linapokaa. Utaliona sana jina Erel, alama ya Robert Lubstein wa Berlin: herufi R na L, ukizitamka kwa Kijerumani. Kwa kuwa linapendwa sana, linaigwa sana.

Seluloidi ya miaka 80 imegeuka manjano, imekuwa ngumu, mara nyingi imepasuka, na ukiisogeza puani inanukia kafuri kidogo. Plastiki ya leo hujikunja kama mfuko wa mkate na hunukia duka.

Ukanda wa jasho huwa wa ngozi nyembamba. Tazama mshono unaouunganisha na kofia, na mahali ngozi inapokutana nyuma. Ngozi iliyovaliwa imeganda kufuata kichwa cha mtu mmoja, ina giza zaidi kwenye paji la uso, na jasho limepenya hadi kwenye kitambaa cha nje kwa mkunjo uleule. Doa la ndani lisilokutana na doa la nje lilipakwa.

Mihuri: saizi iko kwa sentimita, 56, 57, 58 na kadhalika. Katika miaka ya mwisho ya vita, majina ya viwanda yalianza kubadilishwa kwa namba zinazoanza na RB-Nr., sifuri, mkwaju, kisha tarakimu. Kofia yenye namba hiyo na tarehe ya 1939 inajipinga yenyewe. Wino wa muhuri wa zamani umezama ndani ya nyuzi na kingo zake zimetawanyika. Ule wa jana umekaa juu.

Hatua ya 6: Majaribio, kuanzia lisilodhuru

Mwanga wa urujuanimno kwanza. Sabuni na nguo za baada ya Vita vya Pili hutiwa kemikali za kung’arisha weupe, ambazo huwaka buluu chini ya mwanga huo. Ingia chumba chenye giza, pitisha tochi kwenye bitana, kwenye nyuzi za mishono, kwenye sehemu nyeupe ya kokadi. Uzi unaowaka kama taa ya gari ni dalili mbaya. Lakini usihukumu kwa hilo peke yake, maana kuna bibi mahali fulani aliyeifua kofia ya marehemu mumewe kwa sabuni ya unga mwaka 1975, na kofia ni halali kabisa. Ukiona bitana inawaka yote kwa kiasi kimoja, fikiria kufuliwa. Ukiona nyuzi za mshono ndizo zinazowaka na kitambaa kimetulia, fikiria uzi mpya.

La pili ni moto. Kwa mshono wa ndani, chomoa uzi mmoja kwa kibano, urefu wa kucha. Nenda nao mbali na kofia. Nasema mbali: seluloidi hushika moto kama petroli. Shika uzi kwa kibano juu ya sahani, sogeza kiberiti.

Sufu inasinyaa, inanuka nywele zilizoungua, moto wenyewe unazimika, na majivu yake yanasagika kati ya vidole. Pamba na rayoni zinawaka haraka, zinanuka karatasi, zinaacha majivu laini ya kijivu. Poliesta inayeyuka, inatoa moshi mweusi, ikipoa inabaki shanga ngumu isiyovunjika. Poliesta iligunduliwa Uingereza mwaka 1941 na kuingia madukani miaka ya 1950. Katika kofia ya Wehrmacht haina namna ya kuwamo, isipokuwa mtu ameikarabati baadaye. Katika kofia ya NVA ya miaka ya 1980 ipo halali. Ujerumani Mashariki ilizipenda sana nyuzi za viwandani hata ikaipa nailoni yake jina la kizalendo, Dederon.

Jaribio hili nililijua tangu utotoni na bado sikulifanya siku niliyonunua kofia yangu ya kwanza, Schiffchen ya jeshi la anga, euro 180, kwa mzee mwenye tabasamu aliyenihadithia habari za baba yake. Hadithi ilikuwa nzuri. Uzi ulipofika jikoni kwangu ukageuka shanga. Ninayo bado ile kofia, na wageni wakiniomba niwafundishe, ndiyo ninayowapa kwanza washike.

La tatu ni la kujua mchanganyiko. Weka vijinyuzi vichache kwenye kijiko chenye jiki, uviache. Sufu itayeyuka na kupotea; pamba na rayoni zitabaki. Kitambaa cha 1944 kikiacha kiasi kikubwa cha nyuzi kijikoni, umeiona Zellwolle kwa macho yako. Ukikipata kile cha 1936 ambacho hakijaacha kitu, nacho kimesema chake.

Hatua ya 7: Je, uchakavu unakubaliana?

Kofia huchakaa kwa mantiki. Ukingo wa chepeo hukwaruzika mahali vidole viwili vya mkono wa kulia hushika. Schiffchen hukatika kwenye mkunjo wa juu, ilikolazwa mfukoni au chini ya mkanda. Nondo hula mahali penye jasho na mafuta ya kichwa, hutafuna njia ndogo zilizopinda, na hawagusi uzi wa pamba wa mshono. Matundu ya duara yaliyopangika vizuri yametobolewa na mtu. Chini ya beji kitambaa kiwe kimelindwa: rangi iliyokolea, malaika yamelala. Tundu za zamani za sindano zisizolingana na beji iliyopo zinaonesha kwamba kulikuwa na beji nyingine. Beji za awali za alumini hubaki nyepesi na nyeupe. Zile za zinki za wakati wa vita huota kijivu na unga mweupe, nao unga ukianguka huacha alama kwenye kitambaa. Hakuna alama? Imewekwa juzi.

Kofia za Schutztruppe: zinazotuhusu

Kati ya 1891 na 1918 Schutztruppe, jeshi la Kijerumani la makoloni, lilikuwa hapa kwetu, na askari wake wengi walikuwa Waafrika. Picha za zamani zinawaonesha wakiwa na tarbushi iliyovikwa kaki, kitambaa cha kukinga shingo nyuma na tai wa chuma mbele. Maafisa wa Kijerumani walikuwa na kofia pana ya sufu iliyogandamizwa, kijivu, upande wa kulia umepindwa juu ukashikwa kwa kokadi. Rangi ya ukanda wake ilitaja koloni: mweupe Afrika Mashariki, buluu Afrika ya Kusini-Magharibi, mwekundu Kamerun. Mwigaji mvivu huziba pengo kwa rangi yoyote aliyonayo, kwa hiyo ukanda uanze nao.

Vita vya Kwanza vilipofunga njia ya bahari, nguo za jeshi hilo, chini ya kamanda Lettow-Vorbeck, zilianza kufumwa hapahapa kwa pamba ya nchini. Kamanda mwenyewe aliandika kwamba rangi iliyofaa kuliko zote ilitoka kwenye mti uitwao ndaa: kahawia yenye manjano, isiyoonekana nyikani. Fikiria maana yake kwa mtu anayetazama kwa lenzi. Kaki ya kiwandani kutoka Ujerumani ina nyuzi zinazolingana na mishazari iliyonyooka. Kitambaa cha kienyeji cha 1916 kitakuwa na uzi mnene hapa, mwembamba pale, na rangi iliyoshika kwa mafungu. Binafsi sijawahi kushika kipande cha namna hiyo nikaridhika ni chenyewe. Anayekutangazia tarbushi ya askari mtandaoni kwa bei ya chakula cha mchana anauza kofia ya sinema.

Na ikiwa kitu cha aina hiyo kimo sandukuni kwa babu, Songea, Lindi au Tabora, usikifue wala usikimbilie kukipiga picha ya kuuzia. Muulize mzee aliyebaki ni cha nani na kilifikaje, andika jibu siku hiyohiyo, kisha kioneshe wataalamu wa Makumbusho ya Taifa. Kofia isiyo na maelezo ni kitambaa tu. Yenye jina la mtu na kijiji chake ni jambo lingine kabisa.

Hatua ya 8: Kununua kwa mbali, na kuhifadhi

Ukinunua bila kuishika, dai picha saba: mbele, nyuma, juu, bitana nzima, muhuri kwa karibu, upande wa nyuma wa beji kama unaonekana, na kitambaa chenyewe kikiwa kimepigwa kwa mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni. Hiyo ya mwisho ndiyo ninayoihukumu. Mwanga wa ubavuni huonesha malaika na mfumo. Taa ya simu inayopiga usoni hufanya kila kitambaa kionekane zulia. Muuzaji anayegoma kupiga picha ya ndani amekwisha kukujibu.

Kwa anayeishi pwani, adui ni unyevu kabla ya mwizi. Dar es Salaam, Mombasa au Muscat, sufu hushika ukungu katika msimu mmoja. Usiifungie kwenye mfuko wa plastiki, itatokwa jasho. Ijaze karatasi nyeupe laini zisizo na asidi ili isianguke umbo, iweke kwenye boksi lenye nafasi ya hewa, mbali na ukuta wa nje. Bibi yangu alitia karafuu kwenye sanduku la nguo na kila kitu kilinukia vizuri, lakini mafuta ya karafuu huacha madoa. Zifunge kwenye kitambaa na ziwe mbali na kofia. Ukiona kiwavi au unga mwembamba chini ya mshono, tia kofia kwenye mfuko uliofungwa vizuri, uweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha uache mfuko urudi joto la chumba kabla hujaufungua, la sivyo maji yatatua juu ya kitambaa. Chepeo lenye almasi ya seluloidi au ukingo uliopakwa rangi ngumu usiligandishe, baridi itaipasua. Hilo lipige brashi laini ya nywele za mbuzi, mshono kwa mshono, nje ya nyumba, na ulirudie baada ya siku kumi, kwa sababu mayai ya nondo hayaonekani mara ya kwanza.

Kofia usiifue. Hata kidogo. Hata lile doa la paji la uso linalokukera liache, maana ndilo ulilolisoma katika hatua ya 5.